Kikapu chenye Mishale ya Kijani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujibu "naijua" kabla swali halijaisha.

Mjiolojia wa kampuni moja ya utafiti wa dhahabu alikuja Shinyanga mjini kutafuta mtu wa kupiga chapa kambini kwake. Aliegemea kaunta ya duka la vifaa vya ofisi nilikokuwa nafanya kazi, akaniuliza kama naweza kutumia kompyuta. Nikasema naweza, na hilo lilikuwa kweli. Akaendelea kueleza kwamba ile ya kambini ni mpya, imekuja na mfumo mpya ambao sura yake si ile tuliyoizoea, na kwamba hata yeye mwenyewe bado anahangaika nayo kidogo. Sikumwacha amalize. Nikasema, "Naijua." Sikuwa nimewahi kuiona hata kwenye picha.

Kompyuta niliyoijua ilikuwa moja tu, ile ya nyuma ya duka. Mwenye duka, mzee wa familia ya Kihindi iliyokuwa mjini pale tangu enzi za babu yake, aliniruhusu kuigusa mchana, wakati yeye amekwenda nyumbani kula. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa na kitabu cha maelekezo kisicho na jalada, kwa Kiingereza nilichokielewa nusu, na kaunta buku langu. Humo niliandika kila hatua: washa, subiri mlio, picha ya tatu kutoka kushoto, mstari wa pili, bonyeza mara mbili haraka. Nilipiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima na kuandika upya, hata kama upande wa pili haukuwa na kosa. Ilichukua miezi saba. Nilipomaliza niliamini najua kompyuta, kumbe nilijua kuhesabu picha.

Kambi ilikuwa upande wa Kharumwa, mahema kumi na kitu na ofisi moja ya matofali ya udongo yenye bati. Asubuhi ya kwanza niliwasha mashine, kaunta buku likiwa wazi pembeni, na kioo kikafunguka kikiwa na rangi ya kijani-bluu iliyotulia kama bwawa. Picha zangu zote zilizokuwa zimepangwa katikati hazikuwepo. Zilikuwepo chache tu kushoto, zimeshuka wima kama watu kwenye foleni, na chini kabisa kulikuwa na utepe wa kijivu wenye kitufe kimoja. Nilihesabu ya tatu kutoka kushoto. Hapakuwa na ya tatu kutoka kushoto. Nikafunga kaunta buku taratibu, kama vile kuna mtu ananiangalia.

Wiki zile za mwanzo nilikuwa nakwenda chooni kupumua. Kila kitu kilikuwa kimehamishwa na mtu ambaye hakuacha maelezo. Katika mfumo wa zamani, ukitaka karatasi yako ijae kioo kizima, unabonyeza pembe ya juu kulia, mwisho kabisa. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea kwenda pale bila kuniuliza. Katika mfumo mpya, pembe ile ile ndiyo inayofunga kila kitu. Nilikuwa nataka kuikuza barua, inafungwa. Inaniuliza kama nataka kuhifadhi, nashtuka, nabonyeza jibu lisilo sahihi, barua imekwenda. Niliandika barua moja ya kuomba mafuta ya dizeli mara nne kwa siku moja. Na kuzima mashine, nilikuja kugundua, kunafanyika kwa kubonyeza kitufe kile kile kilichoandikwa kuanza. Nani angetafuta mwisho ndani ya mwanzo? Kabla sijagundua hilo, siku tatu nzima nilisubiri tu jenereta izimwe, mashine ife yenyewe, halafu asubuhi inaamka ikinilalamikia.

Ningeweza kuuliza. Bosi, yule mjiolojia, alikuwa mtu mpole aliyesomea Dar es Salaam, asiye na dharau. Lakini nilishasema naijua, na kila siku iliyopita bila kuuliza ilifanya swali liwe zito zaidi. Kwa hiyo nilijifunza kwa kukisia. Nilikisia mengi vizuri, na hilo ndilo lililonidanganya.

Kulikuwa na picha moja niliyoielewa siku ile ile ya kwanza, bila kuhangaika. Ilikuwa kikapu cha karatasi, na juu yake mishale ya kijani inayozunguka. Nilifurahi kukiona, maana kikapu kama kile kilikuwa chini ya meza yangu. Karatasi kambini zilitoka Mwanza na zilikuwa adimu, hivyo bosi aliweka utaratibu: karatasi iliyotumika upande mmoja haitupwi, inawekwa kwenye kikapu, na mwenye kutaka kuandika rasimu anachukua humo na kutumia mgongo wake. Takataka zenyewe zilikwenda kwenye pipa la nje, zikachomwa. Kwetu sisi kikapu kilikuwa ghala. Na mishale ile inayozunguka ilinieleza jambo hilo hilo: kinachoingia hapa kitatumika tena.

Nikaanza kuweka kazi zangu humo. Mfumo mpya ulikuwa na tabia ya kuficha mafaili. Ukihifadhi kitu kinakwenda ndani ya mfuko ulio ndani ya mfuko mwingine, na kesho yake unazunguka kama mtu aliyesahau nyumba aliyolala. Kikapu, kwa upande wake, kilikuwa pale pale siku zote. Nilikuwa naburuza faili kwa kipanya, naliachia juu yake, linaingia, na kikapu kinaonyesha karatasi zikichungulia juu. Nikitaka kuendelea na kazi nalitoa, namaliza, nalirudisha. Kwa mtu kama mimi, asiyevumilia kuona kitu kimekaa ovyo, ilikuwa nafuu kubwa. Kioo kilibaki safi. Nilijisifu kimoyomoyo kwamba nimeuelewa mfumo.

Faili kubwa kuliko yote humo lilikuwa orodha ya vitu visivyoguswa. Kampuni ilitaka kufungua barabara ya kupitishia mashine ya kuchoronga miamba. Bosi na wanakijiji walikuwa wametembea njia nzima, kigingi kwa kigingi, wakiandika kila kilichokuwa karibu: visima, maboma, miti ambayo wenyewe hawataki ikatwe, na makaburi. Bosi aliandika kwenye daftari lake, mimi nikapiga chapa. Orodha ile ndiyo angepewa dereva wa greda. Kilichokuwemo kingekwepwa. Ambacho hakikuwemo kilikuwa pori tu.

Alhamisi moja, bosi akiwa amekwenda vigingini, alikuja mama mmoja hadi kwenye dirisha la ofisi. Alikuwa na beseni la michembe kichwani, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, anapeleka gulioni. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama mimi ndiye mwandishi. Kiswahili chake kilichanganyika na Kisukuma, lakini alichotaka kilieleweka. Vigingi vimepita kwenye itongo lake, mahali walipokuwa wakikaa kabla hawajahamia karibu na barabara kubwa. Siku walipopita watu wa kuandika yeye alikuwa kwao, kumuuguza mama yake. Kuna kaburi pale. La mtoto wake wa kwanza, aliyefariki akiwa bado ananyonya.

Nilitoa orodha kwenye kikapu, nikaandika moja kwa moja wakati anaongea. Sikuchukua kalamu. Nakumbuka nilitaka aone jinsi ninavyoandika kwa vidole kumi. Nyuma ya ua wa minyaa, mawe matatu, mkonge mmoja. Nilimuuliza ni kigingi cha ngapi, akahesabu kwa vidole kuanzia kisimani, kimyakimya, akanitajia. Nikaandika, pamoja na jina lake. Halafu nikageuza kioo dirishani, nikamsomea.

Alinyoosha kidole akagusa kioo. "Yuko hapa?"

"Yuko hapo, mayu."

"Na mvua ikinyesha?"

"Humu hamnyeshi, mama."

Akacheka, akasema basi nyumba hiyo ni nzuri kuliko yake. Alinichotea michembe mikono miwili, akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, akajitwisha beseni akaenda zake. Mimi nikaburuza orodha nikairudisha kwenye kikapu.

Kesho yake mchana bosi alikuja na ramani zake kwenye disketi, akaketi kwenye kiti changu, na mashine ikamwambia haina nafasi. Alibonyeza hiki na kile huku akitafuna muhindi wa kuchoma. Alipoinuka aliniambia, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kamba ya kiatu imefunguka, "Nimekumwagia takataka zako, kijana. Zilikuwa zimejaa."

Nikasema sawa, bosi.

Alipotoka nilikaa nikaangalia kioo. Kikapu kilikuwa kitupu. Karatasi hazikuchungulia tena. Nilikifungua, ndani mlikuwa mweupe. Nilikifunga nikakifungua tena mara nyingi, nisikueleze ni ngapi. Nikaingia kwenye mifuko yote, mmoja baada ya mwingine, nikaufungua hata ule ambao nilikuwa nauogopa, wenye mafaili ya mashine yenyewe. Pale ndipo nilipoelewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba kwa wiki sita nilikuwa nakaa na kazi za watu ndani ya jalala.

Orodha yenyewe ningeweza kuijenga upya, na niliijenga, Ijumaa ile hadi jioni na Jumamosi asubuhi, kutoka kwenye daftari la bosi. Nilimwambia nalihitaji kuhakiki herufi za majina. Alifurahi kwamba mimi ni mtu makini. Kila kitu kilikuwa daftarini isipokuwa kitu kimoja, maana mama yule hakuwahi kupita kwenye daftari la mtu yeyote. Alikuwa amepita kwenye vidole vyangu tu.

Nilikumbuka mawe matatu, minyaa, mkonge, hata harufu ya michembe. Nilianza kuandika mstari wake. Nikafika kwenye kigingi nikasimama. Kilikuwa cha saba kutoka kisimani, au cha tisa. Nilimwona akikunja vidole, lakini namba aliyonitajia ilikuwa imenitoka. Jina lake pia lilikuwa limekwenda.

Hapa ndipo ninapoona aibu kuliko kote, zaidi ya ule uongo wa dukani. Ningeweza kuandika "kati ya saba na tisa, kuwa mwangalifu." Maneno machache tu. Dereva angeelewa. Lakini orodha nzima ilikuwa safi, kila mstari na namba yake, na mimi sikuweza kutoa karatasi yenye "kati ya". Nilijiambia jambo lisilo na uhakika halifai kuwekwa kwenye orodha rasmi. Nikaufuta mstari wote. Halafu nikachapisha mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza pambizo ya kushoto ilikuwa imepinda.

Dereva wa greda alikuja kuchukua karatasi yake kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa mtu wa Bukombe, mwenye tumbo na utani, aliyening'iniza rozari ndani ya kibanda cha greda lake na kuniita Profesa tangu siku niliyofika.

"Profesa, hilo dude limeshaitapika orodha yangu, au bado linatafuna?"

Nikampa. Aliisogeza mbali na macho, akaipitia mstari kwa mstari.

"Safi. Kama kadi ya harusi. Ndiyo hii yote?"

Nilikuwa na nafasi pale. Alikuwa amesimama mbele yangu, hana haraka, anajikuna shingo.

"Ndiyo hiyo yote," nikasema.

Jumapili greda halikufanya kazi. Dereva alikwenda kusali, wengine wakafua. Mimi nilifua shati moja mara mbili. Nilijiambia siwezi kumtafuta mama yule kwa sababu sijui jina lake, na huo ulikuwa uongo mwingine. Mtu yeyote gulioni angenielekeza kwa mama mwenye itongo lililopitiwa na vigingi. Sikutaka kufika kwake na kusema kwamba ile nyumba isiyonyeshewa imeanguka.

Jumatatu nilisikia greda likiwaka, likienda, likipungua sauti kuelekea kisimani. Niliketi mbele ya kioo nikifungua barua na kuifunga. Sauti ilikuwa inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi. Halafu ikakatika, na haikuwa saa ya kupumzika. Niliazima baiskeli ya mpishi bila kumwambia.

Greda lilikuwa limesimama mbele ya ua wa minyaa uliokwisha kulazwa nusu. Mama alikuwa amesimama mbele ya chuma cha greda, na wanawake wawili majirani zake nyuma yake. Hakuna aliyepiga kelele. Dereva alikuwa ameshuka, ameshika orodha yangu mkononi, anamweleza kwa heshima kwamba yeye anafuata karatasi, na kwenye karatasi hakuna kitu hapa. Mkonge ulikuwa umeng'olewa. Mawe mawili kati ya matatu yalikuwa yamesukumwa kwenye tuta la udongo mwekundu. Udongo wa juu ulikuwa umeparuliwa kina cha kiganja, haukuchimbwa. Kilikuwa kigingi cha tisa.

Mama aliponiona hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyepata shahidi. Akamwambia dereva, huyu hapa, muulize huyu. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, si nilikuona ukiandika?"

Nilimwambia ndiyo, niliandika. Nilisema mbele ya wote kwamba mama alikuja Alhamisi, akasema kila kitu, nikakiandika, na nikakipoteza, na Jumamosi nilijua kwamba hakimo. Nilitaka kueleza habari za kikapu lakini sikupata pa kuanzia. Dereva alinigeukia. Hakuniita Profesa.

"Ulijua? Nilipokuuliza kama ndiyo yote, ulijua?"

"Nilijua, kaka."

Alikunja karatasi akaiweka mfukoni, akaenda kwenye tuta, akaanza kuyatafuta mawe kwa mikono.

Nilimweleza bosi jioni hiyo, kuanzia kaunta ya duka mjini. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitarajia anifukuze na nilikuwa nimeshafunga begi, limepangwa vizuri, nguo zimekunjwa upana mmoja. Alisema yeye mwenyewe, mashine ilipofika, alikaa siku mbili akimuuliza fundi wa Mwanza kwa simu ya upepo namna ya kuizima, na kambi nzima ilisikia. Akaniuliza kwa nini sikumuuliza. Akavuta kiti, akanionyesha mfumo ule kuanzia mwanzo, kitufe kwa kitufe. Ilichukua muda mfupi kuliko ule ninaotumia kupanga pambizo.

Wazee wa ukoo walikuja Jumatano wakafanya walichotakiwa kufanya pale itongoni. Bosi alialikwa. Mimi sikualikwa, na sikuomba. Barabara ilipindishwa kupita upande wa pili wa minyaa iliyobaki. Mama bado anapita kambini siku za gulio. Namwamkia, ananiitikia, lakini hasimami dirishani.

Bado natumia mfumo ule, na sasa mkono wangu umeizoea pembe yake. Bado narudia kuchapisha karatasi zilizopinda. Kilichobadilika ni hiki: orodha haiendi tena kwa dereva kutoka mezani kwangu. Kabla greda halijawashwa, watu wa kijiji wanakusanyika, na mimi nasimama mbele yao nikiisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, pamoja na yale nisiyo na uhakika nayo, hadi mwenye la kuongeza aongeze.